Tulipoomba Kinga Ntobeye

Wenzangu wa kozi ya ualimu wa kisomo, barua zenu tatu zimenifika, na zote zinauliza jambo moja: ni kweli kwamba nimevuka pori la Biharamulo kwa baiskeli, nimevaa kaptula ya mwanamume? Ni kweli. Aliyewaletea habari hizo hakuongeza chumvi. Alichosahau ni kwamba sehemu kubwa ya pori niliisukuma hiyo baiskeli badala ya kuipanda, na kwamba kaptula ilifunikwa na khanga mbili. Sasa nimerudi, goti linapona, mvua imetuzuia kwenda shamba la kijiji, nami nina karatasi. Nitawasimulia kituo kwa kituo.

Mnanijua. Hasira zangu ziko karibu na ulimi haukai kinywani. Mkiona mahali nimemkaripia mtu, jueni nilikuwa na haki, au nilikuwa na njaa.

Ntobeye, kabla ya kuondoka

Nianze na wifi yangu Gaudensia, maana safari yote ilikuwa yake. Ni mke wa mdogo wangu Filbert. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika alfajiri ukakwama, na mkunga wetu Mama Leokadia akasema wazi kwamba hiyo si kazi ya mikono yake, apelekwe hospitali ya misheni. Huko ni mbali. Unashuka na kupanda vilima mpaka Nyamiaga, kisha unaendelea. Mgonjwa kwetu hubebwa kwa ngobyi, kitanda cha matete kilichofungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wakiwa mabegani na wanne wakifuata ili wapokezane. Kuwapata wanaume wanane wenye nguvu kulichukua muda mpaka jua likawa kali. Mtoto alifia njiani. Gaudensia alipona, lakini mwaka mzima alipokuwa akipita mahali pale aligeuza uso.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, na safari hii hata hao wanane hawakuwapo. Vita vya Kagera viliwachukua vijana, Filbert akiwa miongoni mwa wa kwanza. Walibaki wazee na wenye vikohozi. Mwanamke kwetu haweki bega kwenye ngobyi, hufuata nyuma na mzigo wa nguo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini, nami sikuwahi kuuliza.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliambiwa tusogee barabarani ili gari litufikie. Barabara ililimwa. Gari ndilo tunaloendelea kulisubiri. Basi siku moja baada ya kisomo sisi wanawake tulikaa, tukaamua tuombe baiskeli. Iwe ya wanawake, ikae kwa zamu, mjamzito akae kwenye keria tumsukume wenyewe. Barua ya kwenda mkoani aliiandika Gaudensia kwa mkono wake. Ndiye mwanafunzi wangu bora, aliyeanza kushika kalamu kama anayeshika mwiko na sasa anaandika mstari ulionyooka. Niliisoma, nikaongeza nukta mbili, nikajivuna.

Jibu lilichelewa mpaka tumbo la Gaudensia likawa linamtangulia mlangoni. Lilisema: mzigo wenu umefika Biharamulo na hauwezi kuendelea, magari yamekwenda vitani, aje mtu auchukue. Mama Leokadia akalipapasa tumbo, akasema, "Majuma matatu. Yakizidi, manne."

Nilichaguliwa mimi kwa sababu ninajua Kiswahili cha ofisini, na kwa sababu ni mjane, sina wa kumwomba ruhusa. Aliyepinga ni mama yangu peke yake.

"Mwanangu, utarara wapi?"

"Nitakapochoka, mama."

"Na hiyo baisikeri utairetaje, nawe hujui kuipanda?"

"Nitaikokota kama mbuzi."

Wanawake walicheka. Gaudensia hakucheka. Alinishika kiganja akasema, "Wifi, usicherewe," kisha akarudi kupembua maharage.

Nyamiaga hadi Nyakahura, juu ya magunia

Nyamiaga nilibahatika. Lori lililoleta chumvi Ngara lilikuwa linarudi na magunia ya maharage ya jeshi, na dereva alikubali nikae juu. Alikuwa mtu wa haraka katika maneno na wa polepole katika kila kitu kingine. Akipaza sauti dirishani, aliniuliza kama namfuata mzee wangu vitani. Nikamwambia mzee wangu yuko mbali kuliko vitani, akabadilisha gia ya kilima, akaanza kunisimulia mambo ya mama mkwe wake.

Tulipofika Nyakahura mafuta yalikwisha. Dereva alisema tutaondoka "sasa hivi," na hiyo sasa hivi ilikuwa siku mbili. Siku ya kwanza nilikula mihogo ya kuchoma nikatulia. Siku ya pili nilimfuata chini ya lori alikojilaza, nikamweleza yote niliyokuwa nayo moyoni kuhusu watu wanaoanza safari bila kutazama tangi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa ufunguo mfukoni akaninyooshea. "Chukua, mwalimu. Labda wewe litakuelewa." Watu walicheka, na mimi nikaona aibu, kwa kuwa na yeye alikuwa hajala.

Bibi mmoja Msubi, aliyekuwa akiuza uji wa mtama kando ya barabara, aliniita nikae kwenye kigoda chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kujua ninakokwenda. Nikamwambia ninakwenda kuchukua baiskeli ya wanawake.

"Ya wanawake?" akasema. "Inanyonyesha?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha alinijazia kibuyu tena bila kuniuliza, akasema binti yake naye alibebwa kwa ngobyi, akarudi nayo hiyo hiyo, amefunikwa uso. Nilimwambia pole, nikanywa uji wake wote.

Biharamulo, mzigo wetu

Biharamulo ilijaa watu wa vitani: askari wanaokwenda, watu wa Bukoba waliokimbia na magodoro yao, na mama mmoja aliyekuwa amebeba saa ya ukutani tu, ameikumbatia. Niliipata ofisi iliyotajwa kwenye barua. Karani alikuwa Mzinza mpole, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alifurahi kuniona.

"Ntobeye! Tulidhani hamtakuja." Akaingia ndani, akatoka amekumbatia boksi lenye ukubwa wa mtungi, akaliweka mezani kwa heshima. "Ndiyo hii."

"Hii ni nini?"

"Kinga."

"Ya nini?"

"Ya wajawazito, mama, kama mlivyoomba. Vidonge vya kukinga malaria na vya kuongeza damu. Kwa siku hizi za vita mna bahati, dawa zote zimekwenda mbele."

Nikamwambia sisi tuliomba baiskeli. Akanitazama, akavua miwani, akaivaa tena, akafungua jalada. Humo mlikuwa na barua yetu, na mwandiko wa Gaudensia umenyooka kama nilivyomfundisha. Nikaisoma kwa sauti: "Sisi wanawake wa Ntobeye tunaomba kinga ya wajawazito. Wanaume wamekwenda vitani, hatuna msaada. Hata ikiwa ni moja tu, tutapokezana."

Ninyi wenzangu wa Ngara mmeshaelewa. Nyie wengine niwaeleze. Kwetu baiskeli ni ikinga. Na sisi Wahangaza neno likikawia kuja kwa Kiswahili tuna njia ya mkato, tunalivua ile i ya mbele. Isahani inakuwa sahani, isabuni inakuwa sabuni, ikaramu ukiilainisha kidogo ni kalamu. Gaudensia aliivua ikinga kofia yake, ikatokea kinga. Njia hiyo ya mkato nilimfundisha mimi, ubaoni, tena nikawaambia wote waipigie makofi. Nami nilipoikagua barua yake niliisoma kwa macho ya nyumbani. Nilichokiona mle ni magurudumu mawili na kengele.

"Tulishangaa kidogo," karani alisema taratibu. "Hapo penye kupokezana. Tulikaa hapa tukajadiliana, kinga wanapokezanaje? Mkubwa akasema labda ni umaskini."

Nilicheka. Nilicheka vibaya, karani naye akaanza kucheka, na katikati ya kicheko hicho nikajikuta ninalia. Sikulia mbele za watu hata nilipofiwa na mume wangu. Pale nililia kwa kwikwi, maana niliziona siku zilizopita na zilizobaki, na Gaudensia amesimama mlangoni akitazama njia, akingoja magurudumu yaje. Karani hakuniambia nyamaza. Alimtuma mtu akaleta ugali wa muhogo na dagaa, akanisogezea, akageukia dirisha ili nile bila kutazamwa.

Baiskeli hakuwa nayo. Zilizokuwapo zilikwenda vitani na wenyewe. Alichoweza ni kunitafutia lori. Lilikuwa linakwenda kwanza Nemba kuchukua mihogo mikavu ya jeshi, halafu lingerudi na kushika njia ya Ngara. Nikapanda na boksi langu mapajani.

Nemba, siku nne za kuanguka

Lori lilifika Nemba, likajaza mihogo, na amri mpya ikalikuta palepale: liende Bukoba moja kwa moja. Nikashushwa. Nilimkaripia dereva, nikamkaripia na askari aliyeleta amri, na wote wawili walikuwa hawana kosa. Lori likaondoka. Nikabaki nimekaa juu ya boksi katika kijiji nisichokijua, siku ya tisa tangu niage nyumbani.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Holo. Kwanza nilisikia kengele, halafu nikaona baiskeli nyeusi ya Kichina, na debe la maji nyuma, na juu yake mwanamke wa makamo ametulia kama aliyekaa barazani kwake. Nilisimama. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona mwanamke juu ya baiskeli bila mwanamume mbele yake.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma, akafunga breki. "Mbona umekaa balabalani kama mzigo? Kalibu nyumbani."

Kwa Mama Holo kila r ilikuwa l, na kwetu kila l ni r. Sisi wawili tukikaa pamoja tungeweza kupata Kiswahili kizima kimoja. Yeye na mumewe walitoka Shinyanga na ng'ombe wao kutafuta malisho. Walipopangiwa makazi katika kijiji, shamba na zizi vilibaki maili saba huko nyuma. Mume alipokwenda vitani, Mama Holo alikwenda na kurudi kwa miguu kwa juma moja. Juma la pili alivaa kaptula ya bwana chini ya khanga, akaitoa baiskeli ukutani.

"Watu hawakusema?"

"Walisema. Sasa wanakuja kuniomba niwapeleke kwa mganga."

Alinipa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, pamoja na maziwa ya mgando. Sisi watu wa ndizi na maharage hatuijui michembe. Nilidhani inatafunwa vivyo hivyo ikiwa mikavu, nikatafuna, na nusura niache jino Nemba. Yeye alikuwa ameileta ili niichague kabla haijapikwa. Alicheka huku akinipigapiga mgongoni, na tangu hapo tukawa kama tumezaliwa pamoja.

Nilimsimulia kila kitu: barua, kinga, Gaudensia. Halafu akanyoosha kidole kwenye boksi.

"Zahanati yetu haina kitu. Tangu vita vianze hatujaona kidonge hata kimoja. Hapa kuna wajawazito kumi na mmoja, nawajua kwa majina. Nigawie nusu. Nami nikupe baiskeli uende nayo. Vita vikiisha utailudisha."

Nilikuwa ninaitaka baiskeli ile mpaka mikono inaniwasha, na bado nikasema hapana. "Dawa si zangu, Mama Holo. Ni za wanawake wa Ntobeye. Nimetumwa tu."

"Na baiskeli si yangu, ni ya bwana. Yupo vitani, hajui kama imeguswa." Akanitazama machoni. "Tumelingana."

Jamani, mimi ni mtu wa kanuni, mnanijua. Lakini kanuni yangu moja ilikuwa imeshatufikisha pabaya. Nikafungua boksi, tukagawa, kopo huku na kopo kule. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Wanawake wa Ntobeye niliwaeleza niliporudi, wengine wakakubali, mmoja hanisalimii vizuri hadi sasa.

Kisha nikajifunza kupanda. Siku nne, katika uwanda wa malisho, ng'ombe wakiniangalia kwa huruma. Nilianguka kushoto, nikaanguka kulia, nikaanguka na kabla ya kupanda. Goti lilichunika siku ya pili, na siku ya tatu likachunika palepale. Nyumbani husema mwanamke akipanda baiskeli hazai tena. Nikajiambia uzazi wangu umeshafunga kazi, wacha nipande.

"Usitazame guludumu!" Mama Holo alikuwa akipiga kelele huku akikimbia nyuma yangu ameshika keria. "Tazama unakokwenda!"

Nikatazama ninakokwenda, na ninakokwenda kulikuwa na ndama, nikamgonga. Siku ya nne jioni nilizunguka uwanda mzima, nikageuka kumwambia asiniachie, nikamwona amesimama mbali, mikono kiunoni. Alikuwa ameniachia zamani. Furaha niliyoipata hapo sijaipata hata siku niliyopewa cheti.

Asubuhi alinifungia boksi kwenye keria kwa mpira, akanipa kaptula ya pili ya bwana. Tuliagana kwa kushikana mikono tu.

Geti la mbung'o

Nilipita Biharamulo bila kusimama, ila nilipiga kengele mbele ya ofisi ya karani mpaka akatoka na miwani yake. Mbele ya pori kuna geti la mbung'o. Mtu au chombo chochote kinachopita husimamishwa, mlinzi hukipitishia wavu kuwakamata mbung'o wasije kuingia kwenye vijiji vya ng'ombe. Mlinzi alikuwa mzee, nikamwamkia. Kando yake alikuwa mgambo mwenye filimbi, na huyo hakungoja salamu.

"Baiskeli ya mwanamume. Mwanamume mwenyewe yuko wapi?"

"Vitani."

"Wewe nani wake?"

Ningeongopa tungeishia hapo. Lakini nilimweleza ukweli, na ukweli ulikuwa mrefu mno kwa mgambo: mume wa rafiki, dawa, kinga ambayo si kinga. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniona jasusi. Mwishoni akasema, "Umeiba. Mwanamke hajui kupanda baiskeli, utakuwa nayo ya nini? Panda tuone."

Barabara ilikuwa na mchanga, na mimi nilikuwa nimejifunza kwenye majani. Nikapanda. Nikayumba mpaka mzee akaruka pembeni na wavu wake, nikanyooka, nikaenda mpaka kwenye mti, nikageuza, nikarudi. Breki zilikataa kunisikiliza, ikabidi mgambo mwenyewe aidake baiskeli kwa usukani. Tukabaki tumetazamana, pua kwa pua.

"Basi pita," akasema.

"Hapiti," akasema mzee. "Simba hawajui kama ana baiskeli. Angoje wasafiri wenzake."

Nililalamika kwamba sina siku ya kungoja. Mzee akanitandikia gunia kivulini, akaendelea kusafisha wavu wake. Nilingoja siku nzima, nikihesabu majuma ya Mama Leokadia kwenye vidole na kila mara ninapata jibu baya zaidi. Kesho yake walikuja vibarua wanne wa barabara na sepetu zao, wanaelekea Nyakahura, tukaingia porini pamoja. Walinicheka mpaka kituo cha kwanza cha maji. Baada ya hapo walianza kuniomba zamu. Nikawaruhusu mmoja mmoja, kwa sharti kwamba anayepanda anabeba boksi mgongoni na wanaobaki wananibebea viatu.

Kilima cha kwenda Nyamiaga

Nyakahura niliwaacha vibarua. Siku mbili zilizofuata nilipanda penye tambarare, nikasukuma penye mlima, nikalala kwa watu wema, sikumkaripia yeyote. Niliipita hospitali ya misheni alfajiri moja, nikaipita Nyamiaga, nikaanza vilima vya kwetu. Ilikuwa siku ya ishirini na moja.

Kwenye mteremko wa pili niliona ngobyi inakuja.

Ilikuwa inakuja polepole, imeinama upande. Nilitafuta kwa macho wanaume ni akina nani waliorudi kutoka vitani. Hawakuwa wanaume. Nyuma walikuwa Mama Leokadia na jirani yetu mmoja, na mbele kulia alikuwa mwanamke kijana ninayemfundisha. Mbele kushoto, bega chini ya mti, kichwa kimeinama kama cha ng'ombe wa plau, alikuwa mama yangu mzazi, na mvi zake zote.

Niliiangusha baiskeli nikakimbia. Walikuwa wamebeba tangu kabla ya mapambazuko, bila wa kuwapokea. Bega la mama lilikuwa limechubuka, khanga imeshika damu. Gaudensia alikuwa amelala ubavu, uso umepauka, meno yameuma ncha ya kitenge.

"Mtoto amekaa vibaya," Mama Leokadia akasema, akihema. "Sisi tumefika mwisho. Hatuwezi kirima kingine."

Nikairudisha baiskeli. Nilitaka kumweleza Gaudensia habari ya barua, kwamba kosa ni langu, kwamba hii si ile. Yeye alitazama magurudumu tu.

"Umereta," akasema.

Tulimkalisha kwenye keria juu ya khanga zangu zote mbili, na mimi nikabaki na kaptula ya watu mbele ya mama yangu, wala hakuna aliyeona. Nilishika usukani. Mama Leokadia na yule jirani walimshika ubavuni, mwanafunzi wangu akasukuma nyuma, mama akafuata na boksi. Kusema kweli sikupanda hata hatua moja. Watu wa Nyamiaga wanaosema nilipita nikiendesha kama mshindani wanatia chumvi. Tulikimbia. Penye mteremko baiskeli ilitaka kutukimbia sisi, tukaivuta kwa nyuma wote. Kila uchungu ulipomshika nilipunguza mwendo, na mara ya tatu Gaudensia akanipiga ngumi mgongoni.

"Wifi, hata nikiria usisimame. Sikia? Usisimame!"

Sikusimama tena. Tulipita Nyamiaga watu wakitoka milangoni, na jua lilikuwa bado la asubuhi tulipoingia uwanja wa hospitali. Wauguzi walimchukua wakafunga mlango.

Sisi tulikaa chini ukutani. Nilirarua kipande cha nguo, nikalowesha maji, nikaanza kumwosha mama bega. Hapo ndipo nilipomwuliza jambo ambalo nilipaswa kuliuliza miaka mingi iliyopita.

"Mama, kwa nini wanawake hawabebi ngobyi?"

"Ni mkosi," akasema, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Mwanamke akibeba, atakufa mtu."

"Na wewe ulijua, ukabeba?"

"Anakufa anayetanguria, mbere kushoto. Bibi yangu ariniambia." Akavuta pumzi kwa maumivu ya maji. "Hawa wenzangu wana watoto wa kurea. Nikawaambia hapo ni pangu, asiniondoe mtu. Nimekura chumvi ya kutosha. Kama ni kifo, kinichukue mimi, kimwache Gaudensia."

Alikuwa ameamini kila neno. Alitembea njia ile yote, kilima baada ya kilima, akijua anakwenda kufa, na alikataa kupokewa ili asife mwingine. Mimi mwalimu, mwenye maneno ya kila kitu, nilishika kile kitambaa nikalia juu ya bega lake. Mama Leokadia aligeukia upande mwingine.

Tulikaa mpaka jua likahamia upande wetu wa ukuta. Kisha tukasikia mtoto. Hakulia vizuri mara ya kwanza, mara ya pili akalia akatukasirikia wote. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akasimama akijifuta mikono.

"Wa kike. Na mama yake mzima, amelala."

Wenzangu waliruka, wakapiga vigelegele, wakakatazwa. Mama hakuinuka. Alijipapasa bega, akajipapasa kifua, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake akaitazama. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa sana.

"Na mimi," akasema, "mbona mzima?"